Barua ya wazi kwa Waziri wa Vita wa Marekani: Pima kazi, Mheshimiwa

Kwa: Mheshimiwa Pete Hegseth, Waziri wa Vita, Pentagon

Kutoka: Sajenti wa zamani wa mizinga, mzaliwa wa Tanga, Tanzania

YAH: VIPIMO VYA NGUVU KWA WANAWAKE WALIO KWENYE KAZI ZA VITA

Mheshimiwa Waziri,

Husika na kichwa cha barua hapo juu. Ndivyo tulivyofundishwa shuleni kuanza barua ya kiserikali, na ingawa nimevaa kombati za Marekani kwa miaka 6, sijapata mwanzo mwingine ulio bora.

Niliingia nchini kwako kwa bahati nasibu ya grini kadi. Mwaka 2017 niliapa kujiunga na Jeshi la Nchi Kavu, nikafunzwa kazi ya mizinga Fort Sill, Oklahoma, nikatoka mwaka 2023 nikiwa na magoti mawili yanayotabiri mvua kuliko redio. Kabla ya barua hii nimeandika nyingine tatu, kwa Kiingereza, kwa njia za kawaida, kwa ofisi ambazo sitazitaja. Mbili hazikujibiwa. Ya tatu ilirudi na aya mbili za kunishukuru kwa utumishi wangu, jina langu likiwa limekosewa. Hii ya nne naiweka hadharani, na naiandika kwa Kiswahili. Wizara yako haiwezi kukosa wakalimani wa lugha hii. Ina kambi kwenye Ghuba ya Manda, kule Lamu, Kenya, inayoitwa Camp Simba. Halafu wapo wazazi Mwanza, Eldoret, Bujumbura na hata Minneapolis ambao binti zao wamevaa sare yako. Wana haki ya kujua mabinti hao wanawekwa kwenye mizani gani, tena wajue kwa lugha wanayoombea dua.

Tarehe 30 Septemba 2025 uliwakusanya Quantico, Virginia, mamia ya majenerali na maadmirali kutoka kila pembe ya dunia. Uliwaambia kwamba kila kazi ya vita itarudi kwenye kipimo cha juu cha wanaume, na si kingine. Mwanamke akikiweza, vizuri. Asipokiweza, ndiyo hivyo tena. Ukaongeza kwamba ikitokea kazi fulani zikakosa wanawake kabisa, basi na iwe, ingawa hiyo si nia yako.

Niliisikiliza hotuba ile jikoni kwangu, mwanzo hadi mwisho. Sehemu kubwa haikunikera. Uliposema majenerali wenye vitambi nao wakimbie, nilipiga makofi peke yangu, mwanangu akaja kuuliza kuna nini. Nakubaliana nawe pia kwamba kazi inayoua watu isipewe mtu asiyeiweza, awe mwanamume au mwanamke. Kilichonikaa kooni ni maneno mawili tu: "itarudi" na "wanaume". Malalamiko yangu yote yanatoka kwenye maneno hayo.

1. Kurudi wapi?

Kurudi maana yake palikuwa na mahali, na mtu akatutoa pale. Wanaosikiliza hotuba kama ile wanaelewa kwamba zamani kulikuwa na kipimo kigumu cha kazi za vita, wakaja wanawake, kikashushwa ili wapite. Mheshimiwa, hebu tufungue daftari.

Mwaka 1993 Bunge lenu lilipitisha sheria inayotaka kazi ya jeshi iliyo wazi kwa wanaume na wanawake iwe na kipimo kimoja kwa wote. Mwaka mmoja baadaye, wizara hiyo hiyo ikatoa kanuni iliyowafungia wanawake nje ya vikosi vinavyopigana ardhini. Kanuni ile ilifutwa Januari 2013 na Waziri Leon Panetta, na Desemba 2015 Waziri Ash Carter akafungua kazi zote bila kubakiza hata moja. Mimi ni tunda la uamuzi ule.

Nilipoandikishwa nilikuta mtihani ulioanza Januari mwaka ule ule wa 2017, wa kuamua nani anaweza kazi gani. Kwa kazi nzito kabisa, ikiwemo ya mizinga, ulitakiwa uruke mbele sentimita 160 ukiwa umesimama, urushe mpira mzito ukiwa umekaa ufike sentimita 450, unyanyue chuma cha ratili 160 kutoka chini, yaani karibu kilo 73, kisha ukimbie mbio za kwenda na kurudi hadi mizunguko 43. Hapakuwa na safu ya wanawake wala ya wanaume, na umri wako haukuulizwa. Vijana wawili wa kiume waliokuwa mbele yangu siku ile walishindwa chuma, wakapelekwa kutafuta kazi nyingine. Mimi nilikinyanyua, na sijui nani alinishushia.

Mwaka 2015, kabla ya milango yote kufunguliwa, wanawake 19 waliingia Ranger School, kozi ngumu ya mapigano ya Jeshi la Nchi Kavu ambayo wanaume wengi wanaiota na kuiogopa. Mlango wa kuingilia ulikuwa ule ule: pushapu 49, kuinuka kwa tumbo mara 59, mbio za maili 5 kwa dakika 40, kujivuta kwenye bomba mara 6, halafu matembezi ya maili 12 na mzigo mgongoni ndani ya saa 3. Agosti walihitimu wawili, Kristen Griest na Shaye Haver. Oktoba akafuata Lisa Jaster, mwanajeshi wa akiba mwenye miaka 37 na watoto wawili. Watatu kati ya 19 ni wachache, sawa. Lakini kipimo kilichoshushwa hakiwezi kuwachuja 16. Leo wanawake waliohitimu pale wamepita 150.

Uliwaagiza majenerali waangalie kipimo cha mwaka 1990, na kama kimebadilika waeleze kwa nini. Nitawasaidia. Mwaka 1990 mtihani wa Jeshi la Nchi Kavu ulikuwa na vitu vitatu: pushapu, kuinuka kwa tumbo, na maili 2. Mtihani huo haukumpima mtu kunyanyua kitu chochote. Hakuna aliyeburuta wala kubeba. Na ulikuwa na jedwali mbili, la wanaume na la wanawake. Ukiturudisha 1990, unaturudisha kwenye mtihani mwepesi kuliko wa sasa.

2. Kipimo cha nani?

Hapa naomba utulie kidogo, maana ndipo penyewe.

Tangu Juni 2025 askari wanafanya mtihani mpya wenye mambo matano: kunyanyua chuma kutoka chini, pushapu za kuachia mikono, mbio za kuburuta sledi (kitelezo chenye mzigo) na kubeba vyuma, planki (kujikaza mwili ukiwa juu ya viwiko), na mbio za maili 2. Aliye kwenye kazi za vita anatakiwa apate alama 60 au zaidi katika kila zoezi, na jumla isipungue 350 kati ya 500. Mnasema hauangalii jinsia, na kweli hauangalii, kwa sababu wote wanasomewa jedwali la wanaume. Ila unaangalia umri. Wewe mwenyewe Quantico ulieleza kiwango hicho kwa pumzi moja: hakina jinsia, ni cha wanaume, na kimepangwa kwa umri.

Maana yake askari wa miguu mwenye miaka 45 anaruhusiwa kukimbia maili zake 2 taratibu kuliko kijana wa miaka 20, na bado akapata alama zile zile. Sipingi. Sajenti-meja mwenye mvi ana mambo kichwani ambayo kijana hana. Lakini tumeambiwa sababu ya kuondoa tofauti ya jinsia ni kwamba medani haina huruma, mzigo ni mzigo, risasi haichagui. Risasi hiyo isiyochagua jinsia imejifunza lini kuangalia tarehe ya kuzaliwa? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mwanamume akipunguziwa kwa miaka yake, unaitwa uzoefu. Mwanamke akipunguziwa, linaitwa jeshi lililooza.

Wala siombi tupunguziwe. Hapa nitawaudhi wenzangu wengine. Mwaka 2022 Jeshi lilirudisha jedwali mbili za wanaume na wanawake kwa askari wote, hata wa miguu, baada ya wanawake wengi kushindwa mtihani uliotangulia. Kwa kazi za vita, lile lilikuwa kosa. Kapteni Griest, yule yule wa Ranger School, ambaye pia alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa ofisa wa askari wa miguu, alionya hadharani mwaka 2021 kwamba kutuwekea alama zetu peke yetu kutawapa watu sababu ya kutudharau. Yametimia. Kila mwanamke aliyekuwa kwenye mzinga wakati ule amewahi kutazamwa kwa lile jicho la "huyu alipita kwa jedwali lake". Mimi nilitazamwa.

Kwa hiyo ukiniuliza kama nataka kipimo kimoja, nakujibu kabla hujamaliza kuuliza: ndiyo. Ninachokataa ni kuitwa "cha wanaume". Kipimo cha kazi kinatoka kwenye kazi. Unaangalia kombora lina uzito gani, majeruhi aliyevaa deraya anaburutwa umbali gani, ukuta una urefu gani, halafu unasema: atakayeweza aje. Kipimo cha wanaume kinatoka kwenye kuwatazama wanaume wa umri fulani wanakimbiaje. Ni vitu viwili. Cha kwanza kinaweza kuwatoa wanawake wengi, na tutanyamaza. Cha pili hakina jibu ukikiuliza "kwa nini 350 na si 340, au 400?"

3. Orodha ya kazi 21

Jeshi la Nchi Kavu limetaja kazi 21 zinazodai kiwango hicho cha vita. Wamo askari wa miguu, wa vifaru, wahandisi wa medani, makomandoo, maofisa wa mizinga, na wanaoelekeza mapigo ya mizinga.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani macho yangu yana matatizo. Ofisa wa mizinga, ambaye kazi yake kubwa ni ramani, mahesabu na redio, yumo. Askari anayelinyanyua kombora lenyewe, hayumo. Kazi niliyoifanya mimi kwa miaka 6 haimo.

Kwa wasioijua kazi hiyo: kombora la milimita 155 lina kilo kama 45, pungufu kidogo ya mfuko wa saruji. Tofauti ni kwamba mfuko wa saruji ukikuponyoka unapasuka, unafagia, basi. Unalitoa chini, unalikumbatia, unalipeleka kwenye mzinga, unarudi kuchukua jingine. Usiku mmoja wa mazoezi, mvua ikinyesha, tope limefika kwenye vifundo, gari la makombora lilikwama mbali na mzinga, ikabidi tubebe. Kulikuwa na kijana mmoja, kifua kama mlango wa msikiti, bingwa wetu wa pushapu na mbio. Kwenye karatasi za mtihani hakuna aliyemkaribia. Kufika kombora la kumi na kitu mgongo ulimkataa, tukamlaza kando tukamfunika turubai. Mimi sikuwa wa kwanza usiku ule, wala wa mwisho. Tulikuwa saba, nikawa wa nne. Shangazi yangu aliyekuwa akiuza nazi sokoni Tanga alinifundisha kwamba gunia halibebwi kwa mgongo: unalivuta karibu na tumbo, unainuka kwa mapaja. Fort Sill walinifundisha kitu kile kile, ila kwa kelele.

Mheshimiwa, usiku ule ndio kipimo. Makombora mangapi, umbali gani, kwa dakika ngapi. Niweke hapo na mwanamume yeyote unayemtaka. Nikishindwa, nitoe.

Mhudumu wa tiba naye hayumo kwenye orodha, yule anayetambaa kumfuata askari wa miguu aliyepigwa. Dereva wa lori hayumo, na wewe uliyekuwa Iraq unajua nini kilikuwa kikiwapata madereva wa malori kwenye barabara zile. Polisi wa jeshi hayumo. Tarehe 20 Machi 2005, karibu na Salman Pak, Iraq, msafara uliviziwa na wapiganaji wengi. Sajenti Leigh Ann Hester wa National Guard, jeshi la jimbo la Kentucky, aliongoza wenzake kuingia kwenye mfereji walimokuwa wamejificha, akapigana ana kwa ana, akatunukiwa nishani ya Silver Star, mwanamke wa kwanza kuipata kwa kupigana vita. Kazi yake ilikuwa polisi wa jeshi. Kwa orodha yenu ya leo, alichokifanya Hester si kazi ya vita.

Orodha iliyochorwa kwa kuangalia mizigo isingewaacha wabeba makombora. Sijui hii ilichorwa kwa kuangalia nini.

4. Utafiti wa Marine

Najua utatolewa, basi niutoe mimi. Mwaka 2015 jeshi la Marine, yaani askari wa majini wanaopigana pia nchi kavu, liliunda kikosi cha majaribio chenye wanaume na wanawake, likawapima kazi 134 za medani. Vikundi vya wanaume watupu vilifanya vizuri zaidi katika kazi 93. Wanawake waliumia zaidi mifupa na misuli. Wenzangu wengi hawapendi kuutaja utafiti ule. Mimi nautaja kwa sababu nimeona mifupa ikivunjika, na uongo haumsaidii mtu mwenye ufa kwenye nyonga.

Lakini ule ulikuwa ulinganisho wa wastani kwa wastani. Jeshi haliandikishi wastani. Linaandikisha mtu mwenye jina lake. Kwa wastani mimi ni mfupi kuliko wanaume wa Marekani, na kwa wastani nisingeweza chuma cha kilo 73. Mtihani wa mlangoni upo ili tuache kubishana juu ya wastani. Aliyepita amepita. Utafiti ule ukisomwa hivyo unadai mtihani mkali mlangoni, jambo ninalolidai na mimi. Haudai mlango ufungwe.

5. Vifaa

Hili ni fupi. Miaka yangu ya mwanzo nilivaa fulana ya kuzuia risasi iliyokuwa ikinigonga nyonga kila nikiinama, na begi ambalo mkanda wake ulikaa pasipotakiwa. Haikuwa chuki ya mtu. Ilishonwa kwa kiwiliwili cha mwanamume, na ndiyo iliyokuwepo stoo. Zipo za vipimo vidogo sasa, lakini kuwepo mahali fulani na kufika kwa askari ni mambo mawili. Ukitaka nibebe sawa na mwenzangu, nipe begi linalokaa mgongoni, na nipe miezi ya kujijenga kwa vyuma kabla ya kunipima. Mazoezi ya mbio kila asubuhi hayajengi mtu wa kubeba.

6. Nani anatusikiliza?

Mwaka 1951 wizara yako iliunda kamati ya kuishauri kuhusu wanawake jeshini. Ilikuwepo wakati wa Korea, Vietnam, Ghuba, Iraq na Afghanistan. Mwaka 2025 ukaivunja. Novemba 2024, kabla hujateuliwa, ulisema waziwazi kwamba wanawake wasiwepo kwenye kazi za vita. Januari 2025, mbele ya maseneta, ukasema watakuwepo ilimradi vipimo vibaki juu. Mtu anaweza kubadili mawazo, si dhambi. Ila mwanzoni mwa mwaka huu wa 2026 tumesikia Pentagon imeagiza tathmini ya miezi 6 kuhusu ufanisi wa vikosi vya ardhini vyenye wanawake. Miaka 10 imepita tangu milango ifunguliwe, wanawake maelfu wako humo, na hakuna kamati tena ya kuwasemea. Unielewe nikijiuliza kama jibu la tathmini limeshaandikwa, na sasa linatafutiwa swali.

Utasema, au watasema kwa niaba yako, kwamba vita si mahali pa majaribio ya usawa. Majaribio yalishafanyika, Mheshimiwa, na baadhi ya walioyafanya hawapo tena. Luteni Ashley White aliuawa na bomu Kandahar tarehe 22 Oktoba 2011, akiwa pamoja na makomandoo wa Ranger. Alikuwa kwenye timu za wanawake ambazo makomandoo wenyewe waliziomba, kwa sababu kulikuwa na nyumba za Waafghani ambamo mwanamume mgeni hawezi kuzungumza na akina mama. Kwa karatasi, wakati ule wanawake walikuwa hawaruhusiwi kwenye vikosi vinavyopigana ardhini. Agosti 2021, kwenye lango la uwanja wa ndege wa Kabul, kati ya wanajeshi 13 wa Marekani waliouawa walikuwemo wanawake wawili wa Marine, na wanawake ndio waliohitajika kuwapekua wanawake wenzao pale.

Watasema basi, hao wabaki kwenye kazi za nyuma. Nyuma ni wapi? Rudi Manda, Lamu. Alfajiri ya tarehe 5 Januari 2020 al-Shabaab waliivamia kambi yenu pale, wakaua Wamarekani watatu: mwanajeshi mmoja na wakandarasi wawili. Mwanajeshi yule alikuwa wa kikosi cha kuhudumia uwanja wa ndege. Hakuwa askari wa miguu. Vita ilimkuta kazini kwake, kando ya ghuba ambako binamu zangu huenda kuvua.

Na kuna hoja ninayoiheshimu, kwamba askari lazima aamini kuwa mwenzake ataweza kumburuta. Ni kweli, na nimeliishi. Imani hiyo inatoka kwenye kumwona mwenzako akifanya. Tatizo ni kwamba mkuu wa wizara akisimama mbele ya majenerali wote na kusema kipimo kilishushwa kwa ajili ya wanawake, kijana aliyekuwa akimwamini sajenti wake jana anaanza kumtilia shaka leo, na sajenti yule hana alichopunguza. Aliyeipunguza imani ni hotuba.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Waziri, naomba yafuatayo:

Kwanza, kila kazi ya vita ichapishiwe vitendo vyake vya lazima, kwa kilo, mita na dakika, ili binti wa Tanga au kijana wa Tennessee avisome kabla ya kusaini. Wataalamu wa jeshi kule Natick, Massachusetts, walishavichunguza vitendo hivyo walipoandaa mtihani wa mwaka 2017. Kazi kubwa imeshafanyika.

Pili, orodha ya kazi 21 ipangwe upya kwa kufuata mizigo. Wabeba makombora waingizwe, hata kama baadhi yetu, wanaume kwa wanawake, tutaanguka.

Tatu, kama umri unazingatiwa, itolewe sababu ya kijeshi inayosimama. Ikikosekana, umri nao uondolewe.

Nne, tathmini ya miezi 6 itolewe hadharani pamoja na takwimu zake, na ieleze wanawake waliopita mtihani wa mlangoni wamefanyaje kazini wakilinganishwa na wanaume waliopita mtihani ule ule. Msiwalinganishe na wanaume wote wa dunia.

Tano, iundwe upya kamati ya kutusikiliza. Mkitaka, ijazeni wanawake wa mizinga, vifaru na miguu watupu. Hatutakuombeni mteremko.

Nakala ya barua hii nimempelekea mama yangu Tanga, aliyeniuliza mwaka 2017 kama Wamarekani wamekosa wanaume hadi wamchukue bintiye. Nilimjibu kwamba walinipa chuma nikakinyanyua. Amenipigia wiki iliyopita kuniuliza kama bado wanakubali jibu lile. Nimemwambia nimeuliza, nasubiri.

Kwetu barua kama hii humalizika kwa "Wako katika ujenzi wa taifa". Nimeapa kwa taifa lako, kwa hiyo nalitumia bila kubabaika.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Sajenti wa zamani, mizinga